Dinari Mia za Mbagala



Injili ya Dominika ya 24 ya Mwaka A (Mt 18:21-35) ina hesabu ndani yake, na ni vizuri tuipige kabla hatujaihubiri. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku; Dominika inayofuata tunalisikia hilo katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Tuseme saidia fundi anayebeba zege huko Chamazi au Toangoma, Dar es Salaam, analipwa shilingi 15,000 kwa siku. Dinari mia, basi, ni milioni moja na nusu. Talanta moja ilikaribia dinari 6,000, na mtumishi wa kwanza alidaiwa talanta 10,000. Hizo ni siku milioni 60 za kazi, na kwa ujira wa Chamazi ni shilingi bilioni 900. Petro, aliyekuja na swali lake la kusamehe mara saba, huenda alicheka aliposikia kiasi hicho. Hakuna mtumishi anayelipa deni la namna hiyo, hata akiishi miaka ya Methusela.

Mahubiri mengi hukimbilia kwenye hizo bilioni 900. Tunaambiwa huruma ya Mungu haipimiki, jambo ambalo ni kweli, halafu tunaambiwa kwamba dinari mia si kitu. Hapo ndipo msikilizaji aliyetoka Mbagala Rangi Tatu kwa daladala mbili anapokunja uso. Milioni moja na nusu si kitu kwa nani? Kwake yeye ni kodi ya mwaka, au ni mtaji wa genge na ada ya mtoto kwa pamoja. Yesu angeweza kuweka dinari mbili pale, akaweka mia. Alichagua deni ambalo mtu wa kawaida analifahamu, linalomkosesha usingizi lakini linalolipika, mradi apewe muda.

Na muda ndicho kitu pekee kilichoombwa. Rudini kwenye somo mtazame. Wadaiwa wote wawili wanapiga magoti na kusema jambo moja: nivumilie, nitakulipa. Hakuna aliyethubutu kuomba kusamehewa. Wa kwanza aliomba muda, akapewa msamaha wa kila kitu. Wa pili alishikwa koo, akaomba muda, akatupwa gerezani. Kumsamehe mwenzake dinari mia kungemgharimu yule mdai, hilo tusilifiche. Ni miezi mitatu na zaidi ya jasho. Kungoja kusingemgharimu kitu zaidi ya subira. Ninaisoma Injili hii kwa kusimama hapo, kwenye kungoja, kwa sababu katika vitongoji vyetu vya Temeke na Kinondoni imani ya Mkristo inapimwa hapo kila wiki, tena kwa siku na saa inayojulikana.

Nenda Mbagala, nenda Yombo Vituka, nenda Tandale, siku ya rejesho la kikundi cha mikopo. Viti vya plastiki vimepangwa uani kwa mmoja wa wanachama, chini ya mwembe kama upo. Wanawake wamekaa, kila mmoja na kitabu chake, noti zimefungwa kwenye pindo la khanga. Afisa mikopo ni kijana tu, pikipiki yake imeegeshwa getini, simu yake ndiyo kikokotoo. Majina yanaitwa. Mmoja hayupo. Kwa kuwa wanachama wamedhaminiana, hakuna kunyanyuka mpaka pengo lake lizibwe, na jua linazidi kupanda, na biashara zao zimelala. Wawili wanatumwa kumfuata nyumbani. Mlango unafunguliwa nusu, mtoto anachungulia: “Mama amesema hayupo.”

Tungecheka, kama si kwamba mmoja wa wale wanawake wawili ndiye msimamizi wa ubatizo wa huyo mtoto.

Wanaingia. Unatoka mtungi wa gesi, inafuata televisheni, inafuata feni. Mwenye nyumba amejifungia chumbani, anasikiliza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeamka asubuhi akiwa na nia mbaya. Wote wanaogopa, kwa kuwa asipolipa huyu watalipa wao, na wao nao wana vitabu vya vikundi vingine viwili ambavyo waume zao hawavijui.

Hiyo ya vikundi ndiyo mikopo yenye nafuu. Iko ya mtu binafsi, ambaye hana ofisi wala kibao: anakupa laki moja leo, mwisho wa mwezi unarudisha laki moja na thelathini elfu, ukikosa, riba inazaa riba. Asilimia 30 kwa mwezi. Kama hukulipa chochote kwa mwaka mzima, laki moja ile imekuwa zaidi ya shilingi milioni 2.3, yaani umeshazipita dinari mia za Injili kwa fedha iliyokuwa ya kununulia ndoo za samaki sokoni Feri. Wako wanaoshikilia kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri, mshahara ukiingia wanatangulia wao kwenye mashine. Iko na ile ya kwenye simu, isiyohitaji mdhamini wala kikao, ila ukichelewa siku mbili, kila jina lililohifadhiwa kwenye simu yako linapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli: baba mkwe, bosi, mwenyekiti wa jumuiya. Mtaani mikopo hii yote inaitwa kausha damu, na aliyeipa jina hilo hakuhitaji shahada ya uchumi.

Sheria zipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni au usajili, kuanzia kampuni hadi vikoba vyetu, ambavyo vimewekwa katika daraja la nne. Novemba 2024 Benki Kuu iliyapiga marufuku majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Nashukuru kwa hayo. Lakini Benki Kuu haiwezi kufika uani kule siku ya rejesho, na haikutumwa kufika. Tuliotumwa ni sisi.

Maana Jumamosi asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kwenye sala ya jumuiya, watu ni walewale. Viti ni vilevile pia. Mara nyingine ua ni uleule. Mishumaa miwili na sanamu ya Mama Maria juu ya stuli iliyofunikwa kitambaa cheupe, rozari, somo, tafakari, matangazo, sadaka. Aliyechukuliwa mtungi hayupo. Mwenyekiti anauliza, “Huyu dada yetu anaumwa?” na watu wanatazama chini. Wanaojua wapo watano. Mkopeshaji naye yupo, na mara nyingi ni mwana jumuiya mzuri: anawahi, anaimba, mchango wa ujenzi wa kigango amemaliza wa kwanza.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya shirikisho lao, AMECEA, huko Nairobi mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa uchungaji wetu. Hawakutafuta njia rahisi ya kukusanya michango, ingawa ukisoma daftari la katibu siku hizi unaweza kudhani hivyo. Walitaka Kanisa lishuke hadi kimo cha watu wanaojuana, ambapo njaa ya mmoja haiwezi kujificha. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, aliyekwenda kuishi mwenyewe katika kijiji cha ujamaa, alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukutolewa kwetu kama kitendawili cha kutegua. Tulipewa ili tuige namna ile ya kuishi kwa kushirikishana. Katika jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3, nyumba kumi na tano zinazosali pamoja ni neema ambayo madhehebu mengine yanaionea wivu. Tunajua msiba wa kila mtu. Mgonjwa akilazwa Temeke au Mwananyamala, zamu ya kumpelekea uji inapangwa kabla hajapata kitanda. Lakini deni tumeliacha liwe aibu ya mtu binafsi, wakati mdai na mdaiwa wanashika rozari ileile.

Jirani zetu Waislamu, ambao dini yao inakataza riba waziwazi, hutuuliza yetu inasemaje, na wengi wetu hujibu kwa kukohoa. Inasema, tena tangu zamani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinamkataza anayemkopesha maskini asimgeukie kama mtoza riba, na kinaagiza kwamba joho lililowekwa rehani lirudishwe kabla jua halijazama, kwa kuwa mwenyewe analalia hilohilo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamwamuru mdai asimame nje. Haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani, angoje aletewe. Na jiwe la kusagia lisichukuliwe kamwe, kwa sababu kulichukua ni kuchukua uhai wa mtu. Mtungi wa gesi wa mama lishe ndilo jiwe la kusagia la Mbagala.

Kanisa halikuishia kwenye kukataza. Huko Perugia, Italia, mwaka 1462, Wafransisko walioona maskini wakiliwa na watoza riba walianzisha hazina ya kukopesha kwa rehani, kwa gharama ndogo, kwa ajili ya maskini tu. Kukazuka ubishi mkubwa: hata hiyo gharama ndogo si riba? Mtaguso wa Tano wa Laterano ukajibu mwaka 1515 kwamba kutoza kiasi cha kumlipa karani na kuendesha hazina si dhambi. Papa Benedikto XIV aliwaandikia maaskofu wa Italia mwaka 1745 akilaani faida inayodaiwa kwa sababu tu mtu amekopeshwa, huku akikubali kwamba zipo sababu nyingine za haki za mtu kulipwa zaidi ya alichotoa. Kwa hiyo hakuna anayekuambia utoe fedha zako benki, wala kwamba mfuko wa kikoba unaotoza kidogo ili usife ni mali ya shetani. Tofauti iko kwenye swali la Perugia: mkopo huu umewekwa ili aliyekopa asimame, au ili asisimame?

Kama swali hilo linaonekana jepesi, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, ni nzito. Inazungumza chini ya amri ya tano, usiue, na inasema kwamba wafanyabiashara ambao riba na uchu wao vinasababisha njaa na vifo vya ndugu zao wamefanya mauaji kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Amri ya tano, ndugu zangu, si ya saba. Februari 2018, Papa Fransisko alipokutana na Wakatoliki wa Italia wanaowasaidia watu walionaswa na wakopeshaji wa namna hii, alisema wazi kwamba riba hiyo inadhalilisha na inaua. Tunapojiandaa kwa kitubio tunakumbuka Misa tulizokosa, maneno makali kwa mwenzi, pombe. Asilimia 30 kwa mwezi tunaiita biashara, na biashara hatuipeleki kwenye kiti cha maungamo.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana mdaiwa naye ana sehemu yake. Dawa ya deni ni kulipa. Anayekopa akijua kwamba laini ya simu ataibadilisha Jumatatu ni mwizi aliyetumia kalamu, na waliomdhamini ndio anaowaibia. Na yako madeni ambayo hayakuletwa na ugonjwa wala ada ya Januari. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na Dar es Salaam tumeongeza vituo kati ya harusi na matanga. Mtoto anapata Komunyo ya Kwanza: Misa imeisha saa nne, saa nane kuna turubai, mshehereshaji, keki ya ghorofa mbili na mpiga picha, na gauni la mtoto limekodishwa Sinza. Kipaimara, hivyohivyo. Kuna kitchen party, kuna sendoff, kila moja na kamati yake na kadi ya mchango yenye kiwango cha chini. Kuna kitenge cha sare cha chama, kingine cha jubilei ya parokia, kingine cha jubilei ya fedha ya upadre wa paroko. Wanawake Wakatoliki Tanzania (WAWATA) walipoadhimisha miaka 50 mwaka 2022, umati ule wa akina mama katika sare ulikuwa fahari yetu sote, na sisemi neno baya juu yake. Nasema tu kwamba katika kila safu ya kitenge yupo mama mmoja ambaye kitenge chake hakijalipwa, na anayemdai ameketi safu hiyohiyo.

Mwaliko wa Ekaristi haukuwa na kiwango cha chini. Paroko anayetangaza mapema kwamba watoto wote watakula pamoja ukumbini, pilau moja, soda moja, keki moja ya wote, amelinda nyumba nyingi kuliko semina tatu za ujasiriamali. Parokia zinazofanya hivyo zipo, na wazazi wenye uwezo hunung'unika mwaka wa kwanza tu.

Niguse na daftari letu wenyewe, kwa sababu tusipoligusa watu watatushangaa. Zaka ni wajibu mzuri. Kanisa la hapa halijengwi na wafadhili wa Ulaya tena, linajengwa na muuza mihogo, na huo ni ukomavu. Makanisa yetu mengi ya pembezoni mwa jiji yalianza chini ya miti na mabati kwa fedha za watu wa aina hiyo. Lakini wako wanaoikimbia jumuiya kama wanavyomkimbia afisa mikopo, kwa sababu jina lao linasomwa kila Jumamosi na mbele yake kuna sifuri. Inafika siku wanahitaji barua ya jumuiya ya kumbatiza mtoto au kumzika mzazi, na daftari linafunguliwa. Malalamiko ya namna hii yapo, tuyakubali. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haina utata hapo: kanuni ya 848 inamtaka mhudumu wa sakramenti asidai zaidi ya matoleo yaliyowekwa, na ahakikishe kila mara kwamba maskini hakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kanuni ya 1181 inawalinda maskini vivyo hivyo katika mazishi. Katibu wa jumuiya anayemnyima mtu barua kwa ajili ya deni la ujenzi amekuwa mkali kuliko Roma. Na kama sisi tunaohubiri dinari mia hatuwezi kungoja elfu tano ya mwezi, ni nani atatusikiliza tukimwambia mkopeshaji angoje?

Katika mfano wa Yesu kuna watu ambao huwa hatuwahubiri kabisa. Mfalme tunamhubiri, mtumishi mbaya tunamhubiri, yule aliyekabwa koo tunamwonea huruma. Lakini habari ilimfikiaje mfalme? Watumishi wenzao waliona. Walihuzunika sana, Matayo anasema, wakaenda wakamweleza bwana wao yote yaliyotukia. Hawakusema “hayo ni mambo yao”, na hawakuishia kuzungumza bombani wala saluni. Hao ndio jumuiya. Pasipo wao yule mtu angeozea gerezani na mfalme asijue.

Kazi kama ya watumishi hao ilishafanyika zamani, tena kwa kikao. Kitabu cha Nehemia, sura ya tano, kinasimulia watu waliokuwa wakiujenga upya ukuta wa Yerusalemu, mchango wa ujenzi kama wetu tu, huku wakiweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka, na watoto wao wakitiwa utumwani kwa wadai. Wadai walikuwa Wayahudi wenzao, wajenzi wa ukuta uleule. Kilio kilianza kwa watu na wake zao. Nehemia alikasirika, akatafakari moyoni, kisha akaitisha mkutano mkubwa, akawakabili wakubwa uso kwa uso. Alikiri pia kwamba yeye na ndugu zake walikuwa wakikopesha. Akataka mashamba yarudishwe, na ile sehemu waliyokuwa wakitoza juu ya fedha na nafaka. Wakubwa wakakubali, wakaapishwa mbele ya makuhani. 

Mwaka 2025 ulikuwa wa Jubilei. Tulihiji, tukapita Milango Mitakatifu wale tuliofika, na Papa Fransisko katika hati ya kuutangaza mwaka huo aliziomba nchi tajiri zisamehe madeni ya nchi maskini. Tuliunga mkono kwa moyo wote. Ni rahisi kuunga mkono msamaha unaotoka Washington. Ila Jubilei ya Walawi 25 ilianzia kijijini, kwa ndugu yako aliyefilisika aliye karibu nawe, aliye na jina, na ambaye ng'ombe wake ulikuwa ukimwona kila asubuhi.

Jumuiya moja katika kitongoji cha Temeke, ambayo sitaitaja kwa sababu wenyewe hawapendi, ilijaribu. Hawakuwa na mpango wowote wa kitaalamu. Mama mmoja muuza samaki alikuwa hajaonekana Jumamosi nyingi. Wanawake wawili na mzee mmoja, mstaafu wa bandari, walikwenda kwake bila kubeba Biblia wala bahasha, wakaketi jikoni, wakamwambia wamekuja kuhesabu naye. Ilichukua muda mrefu kabla hajatoa vitabu vyake. Vilikuwa vitatu, pamoja na deni la mtu binafsi, na deni hilo lilikuwa la mwana jumuiya. Mume aliitwa. Alijua kuhusu kimoja. Mzee alimwambia mume maneno ambayo mwanamke asingeweza kumwambia, na alimwambia nje, si mbele ya watoto. Kwa kawaida sisi wanaume wa parokia tunalizungumzia deni kama ugonjwa wa wanawake. Tunasahau kwamba wengi wao walikopa kwa sababu fedha ya matumizi iliyoachwa mezani haikutosha hata mafuta ya taa.

Kisha wakaenda kwa yule mkopeshaji. Hawakumtishia kwa polisi wala kwa paroko. Walimwomba kile kilichoombwa katika Injili: muda. Aache riba isizae tena, apokee mtaji wake aliotoa, kidogo kidogo, kila Jumamosi baada ya sala, mbele ya watu wawili. Alikataa. Alisema fedha ile naye ameikopa, na huenda ilikuwa kweli, maana mnyororo huu una pingu nyingi. Wiki iliyofuata walirudi. Aliwapa chai lakini hakuwapa jibu. Walipokwenda mara ya tatu alisema atajaribu, ila riba aliyokwisha kuipokea harudishi, na wao hawakubishana. Pengine Nehemia angebishana. Mimi sina hakika kama angepata zaidi ya walichopata.

Yapo manung'uniko. Wengine wanauliza kwa nini yeye na si wao, nao wanadaiwa. Mmoja amesema kwamba anayesaidiwa kulipa deni hapaswi kuonekana na kandambili mpya, na jambo hilo lilichukua nusu ya kikao kizima, nusu iliyobaki wakazungumzia kununua mtungi wa gesi wa kukopeshana bila riba. Jumuiya imetoa nusu ya fedha za mtungi huo kwenye mfuko wake wa matendo ya huruma, ambao kabla ya hapo ulikuwa ukitumika kwa maua ya altare na nauli za semina. Mhasibu hajafurahi.

Mama amerudi sokoni Feri alfajiri, na Jumamosi anakuja jumuiya, anakaa karibu na mlango. Wiki iliyopita alileta elfu kumi badala ya elfu ishirini, kwa sababu samaki walipanda bei. Mkopeshaji aliihesabu, akaandika, akasema iliyobaki ailete Jumamosi.